"Mungu huwasaidia wanaojisaidia" si mstari wa Biblia

Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp: "Biblia inasema Mungu huwasaidia wanaojisaidia, kwa hiyo usimpe anayeomba." Kauli hiyo haimo katika Biblia. Wazo lake ni la kale, limo katika ngano za Wayunani, na usemi wenyewe ulienezwa na almanaka (kitabu cha kila mwaka chenye kalenda na methali) moja ya Marekani ya 1736.

Kuhakikisha ni rahisi. Ujumbe usiotaja kitabu, sura na aya, utilie shaka. Kisha tafuta maneno yake katika programu ya Biblia au itifaki (kitabu kinachoonyesha kila neno limo katika aya zipi za Biblia), na ukipata aya, soma sura nzima.

Wengi huichanganya kauli hiyo na 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Aya hiyo inamhusu *asiyetaka*, si aliyekosa kazi au anayeumwa. Tena aya ya 13 inawahimiza waumini wasichoke kutenda mema, lakini hiyo haisambazwi kamwe, na inasikitisha.

Soma pia Luka 10:30–35. Majeruhi yule aliyepigwa na wanyang'anyi hakuweza kujisaidia kwa lolote. Msamaria aliyekuwa safarini alimkuta njiani: akamfunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha kwenye mnyama wake, akamlipia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, yaani ujira wa siku mbili za kibarua, na kuahidi kulipa kitakachozidi.

Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa upole, faraghani, ukimwomba atafute aya yenyewe.