Ncha ya Propela Inapoipita Sauti: Kisa cha Ndege XF-84H

Ukikaa chini ya pangaboi la dari, litazame kwanza karibu na mota, kisha uhamishie macho nchani. Panga ni lile lile, lakini ncha inalazimika kumaliza duara kubwa zaidi kwa muda ule ule, hivyo mwendo wake ni mkali kuliko wa shina. Jambo hilo ndilo lililowatoa jasho wahandisi wa Marekani katikati ya miaka ya 1950, walipofunga propela kwenye ndege ya kivita iliyotarajiwa kwenda sambamba na jeti.

Ndege hiyo, XF-84H ya kampuni ya Republic, ilitokana na jeti F-84F na iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 22 Julai 1955. Kuirudia propela wakati ule hakukuwa upuuzi hata kidogo. Jeti za siku hizo zilikunywa mafuta mno, zilihitaji njia ndefu ya kurukia, na rubani alipoongeza mafuta ilimbidi asubiri injini ichangamke ndipo apate msukumo. Propela ya XF-84H ilizunguka kwa kasi moja muda wote. Rubani alipotaka msukumo zaidi, kilichobadilishwa ni pembe ya mapanga, na ndege ikaitikia papo hapo.

Sasa tupige hesabu. Propela ilikuwa na mapanga matatu mapana yenye unene mdogo, na kipenyo chake kilikuwa takriban mita 3.66, kwa hiyo kila mzunguko ncha ilisafiri mita 11.5. Kwa mizunguko 2,100 kwa dakika, yaani 35 kwa sekunde, ncha ilikwenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde, ilhali sauti karibu na ardhi huenda mita 340 hivi. Ndege ikiwa bado imesimama uwanjani, ncha zake zilikuwa zimekwishaipita sauti.

Hewa inayopigwa kwa mwendo huo haiwahi kupisha. Hujibana na kuwa mawimbi ya mshtuko, na sehemu ya nguvu za injini, zilizofikia farasi 5,850, hupotelea kwenye ukinzani na kelele. Inasimuliwa kwamba mlio wake ulisikika umbali wa kilomita 40, na kwamba mafundi waliosimama karibu walishikwa na kichefuchefu. Isitoshe, propela ilipozunguka upande mmoja, ndege nzima ilielekea kubiringika upande wa pili, ndiyo maana iliongezewa pezi dogo la pembetatu nyuma ya chumba cha rubani. Safari za majaribio zilikuwa 12 tu, nyingi zikaishia kwa kutua kwa dharura, na mwendo uliofikiwa haukuufikia wa F-84F yenyewe.

Wasovieti walishika njia nyingine kwenye Tu-95, ndege yao kubwa ya kudondosha mabomu, iliyoruka mwaka 1952. Propela zake zina kipenyo cha mita 5.6, lakini huzunguka taratibu, takriban mara 750 kwa dakika, na kila injini hubeba mbili zinazozunguka kinyume ili zifutiane mvuto wa kubiringisha. Nazo zina kelele kubwa, ila ndege hiyo ingali kazini hadi leo.

XF-84H moja iliyobaki ilisimikwa kwa miaka mingi juu ya nguzo kwenye uwanja wa ndege wa Bakersfield, California, propela yake ikizungushwa polepole na mota ya umeme, kabla ya kuhamishiwa makumbusho ya Jeshi la Anga huko Dayton, Ohio.