Majani manene kwenye saladi ya Kichina: maswali na majibu

Kwenye mgahawa wa Kichina nililetewa majani mabichi, manene, yanayometa kama yamenyunyiziwa chumvi ya mawe. Ni nini?

Hiyo ni bingcai, yaani "mboga ya barafu". Vinavyometa ni vifuko vidogo vya maji kwenye ngozi ya jani, ambamo mmea huhifadhi chumvi iliyofyonzwa udongoni. Ukitafuna, vinapasuka, na ulimi unapata chumvi kabla hujachovya jani kwenye siki au mchuzi wa ufuta. Mmea wenyewe si wa China. Kusini mwa Afrika ni kwao. Na huko Japani, Chuo Kikuu cha Saga kilipoukuza uwe mboga, ulipelekwa sokoni kwa jina la Kiswahili: Barafu!

Nina presha. Nile?

Kidogo, na sosi ya soya iache. Ukimwagiliwa maji ya chumvi, mmea huu hukusanya sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi. Onja jani moja kwanza.

Mama mkwe anasema machixian ya Wachina ndiyo gugu la uani kwetu. Kweli?

Mama hajakosea. Jina hilo maana yake ni "mchicha wa meno ya farasi". Wapo Waswahili wanaoliita tako la hasani (cheka, kisha tuendelee). Lina mashina mekundu yanayotambaa na vimaua vya njano. Wachina hulitumbukiza kwenye maji yanayochemka, hulikamua, halafu hulichanganya na kitunguu saumu, siki na mafuta ya ufuta. Waige hapo hapo kwenye kuchemsha: gugu hili lina omega-3, ila lina pia oksaleti nyingi, zinazochangia mawe ya figo, na sehemu yake huondoka na maji unayomwaga. Aliyewahi kuugua mawe ya figo amuulize daktari kwanza.

Kabla ya kuchuma, vunja shina. Likitoka utomvu mweupe kama maziwa, tupa na unawe mikono. Huyo ni ndugu wa mnyaa, na utomvu wake unaunguza.

Basi na maua ya kwenye vyungu, yale ya majani manene?

Hapana. Kalankoe, kwa mfano, ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo. Halafu maua ya kitaluni hupuliziwa dawa ambazo hazikukusudiwa mboga. Taiwan wapo wanaokula shilianhua, mmea mwingine wa majani manene, mbichi kwa asali, lakini hiyo hulimwa iliwe. Mtu akishakula la chunguni, hata kama bado hajisikii vibaya, mpeleke hospitali, na tawi la mmea mlibebe.