Kazi ya Ngozi kwa Wanaoanza: Dhana Potofu Zinazoharibu Ngozi Nzuri

Anayeanza kazi ya ngozi hupoteza pesa mara mbili. Kwanza ni dukani, anaponunua vifaa asivyovihitaji. Kisha ni mezani, anapokata ngozi asiyoijua. Mkono hujifunza haraka. Kinachochelewesha ni mambo yanayorudiwa tangu zamani bila kupimwa, na yafuatayo ndiyo yanayoleta hasara kubwa zaidi.

Dhana: Ngozi ni ngozi tu, mradi si reksini

Hili ndilo kosa mama. Ngozi ya ng'ombe hutengenezwa kwa njia kuu mbili, na matokeo yake ni vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa.

Ngozi ya kromu hutengenezwa kwa chumvi za madini ya kromiamu. Sehemu kubwa ya ngozi inayouzwa duniani ni ya aina hii: sehemu za juu za viatu, mikoba laini, makochi. Ni laini, huvumilia maji, na hupatikana kwa rangi nyingi.

Ngozi ya magome hutengenezwa kwa tanini, dawa itokayo kwenye magome ya miti. Miwati inayolimwa Njombe ni mmoja wa miti hiyo. Ngozi hii ina ukakamavu, na isipotiwa rangi huwa na weupe wa kahawia kama biskuti. Ikiloweshwa hukubali kupindwa na kugongwa nakshi, na ikikauka hubaki na umbo hilo.

Mafunzo mengi ya kugonga nakshi, kung'arisha kingo na kutia rangi kwa mkono yameandaliwa kwa ajili ya ngozi ya magome. Mwanafunzi huenda sokoni, akanunua mabaki ya ngozi ya kromu kwa sababu ni rahisi kupata, akafuata maelekezo hatua kwa hatua, kisha nakshi ikafutika yenyewe na kingo zikabaki na manyoya. Anajilaumu bure. Ngozi aliyoishika haikuumbwa kwa kazi ile.

Namna ya kuzitofautisha: bonyeza kwa kucha upande wa juu. Kwenye ngozi ya magome alama hubaki, kwenye ya kromu mara nyingi hupotea. Dondosha tone la maji. Ngozi ya magome isiyopakwa rangi hulinyonya na kuwa nyeusi kidogo pale pale. Tazama pia ukingo uliokatwa upya, kwa kuwa ngozi ya kromu mara nyingi huwa na mstari wa kijivu au samawati katikati ya unene. Ukiwa bado na shaka, kata ukanda mwembamba kama kijiti cha kiberiti uutie kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Wa magome hujikunja, husinyaa na kuwa mgumu. Wa kromu uliotengenezwa vizuri hutoka karibu kama ulivyoingia. Kuchoma ngozi kwa moto ili kuipima hatukushauri, maana moshi wake si mzuri kwa mapafu na jibu lake si la uhakika.

Kwa kuanza, tafuta ngozi ya magome ya ng'ombe yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Inakatika vizuri na haivutiki ovyo.

Dhana: Huwezi kuanza bila seti ya vifaa hamsini

Seti za bei nafuu zina vipande vingi ambavyo hutavigusa mwaka mzima, na chuma chake mara nyingi hakishiki makali. Kwa mshono wa kwanza unahitaji kisu chenye wembe unaobadilishwa, rula ya chuma, bikari ya kuchorea mstari, msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi), sindano mbili zenye ncha butu, uzi uliopakwa nta, gundi ya viatu, msasa, na nyundo ya mbao au ya plastiki ngumu. Ukipata chuma chenye meno cha kupigia matundu, kwa nafasi ya milimita 4 kati ya jino na jino, kazi inakuwa nadhifu mapema zaidi. Kimoja chenye meno 4 kwa mistari mirefu na kingine chenye meno 2 kwa kona vinatosha.

Nyundo ya chuma iache pembeni. Hupasua vichwa vya vifaa vyako, na ikigusa ngozi ya magome iliyo mbichi kwa maji huacha doa jeusi, kwa sababu chuma na tanini vikikutana penye maji hutoa rangi nyeusi. Ndiyo maana ngozi iliyoloweshwa hailazwi juu ya meza ya bati wala haikandamizwi kwa rula ya chuma ikaachwa. Doa likishatokea, maji ya limau yanaweza kulipunguza, lakini mara nyingi kivuli chake hubaki.

Dhana: Kisu butu ni salama kwa anayejifunza

Kisu butu hudai nguvu, na nguvu ndiyo inayokifanya kiteleze hadi kwenye kidole. Pia huisukuma ngozi badala ya kuikata, hivyo mstari unapinda hata kama rula imenyooka.

Ukitumia kisu cha wembe wa kuvunja, vunja kipande mara tu unapohisi kinakwaruza. Kisu cha kudumu kinolewe kwenye kinoo, kisha kipitishwe kwenye kipande cha ngozi kilichopakwa dawa ya kung'arishia chuma, kwa kuvuta kuelekea mgongo wa kisu, mara kumi kumi kila upande kabla ya kila kazi. Kata kwa mikato miwili au mitatu myepesi. Simamisha wembe wima, maana ukilala kidogo tu upande wa chini wa ngozi hutoka mpana au mwembamba kuliko wa juu, na vipande viwili havitalingana. Kwenye kona ya mviringo, mkono wa kisu utulie na ngozi ndiyo izungushwe.

Kioo au kigae ni kizuri kwa kupunguzia unene wa ngozi kutoka upande wa nyama, yaani upande wa ndani. Kukatia juu yake ni kuua makali kwa mkato mmoja. Kwa kazi hiyo tumia ubao wa plastiki.

Dhana: Cherehani hushona imara kuliko mkono

Cherehani ni haraka. Kwa uimara, mshono wa mkono wa sindano mbili unaushinda wa cherehani, na sababu iko kwenye jinsi uzi unavyopita. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazokutana katikati ya ngozi: wa juu unabaki juu, wa chini unabaki chini, na kila mmoja unamtegemea mwenzake. Mmoja ukikatika, mshono unaanza kuachia. Katika mshono wa mkono, uzi mmoja hupita kila tundu mara mbili kutoka pande mbili. Shono moja, yaani uzi ulio kati ya tundu na tundu, likisagika, upande wa pili wa uzi bado umeshika, na mashono ya jirani hayafunguki kwa urahisi.

Utaratibu ni huu. Chora mstari kwa bikari milimita 3 kutoka ukingoni, au 4 kwa mkoba. Piga matundu chuma kikiwa wima kabisa, na jino la kwanza liingie kwenye tundu la mwisho lililotangulia ili nafasi isipotee. Kata uzi mara 4 ya urefu wa mshono kwa ngozi mbili zenye jumla ya milimita 3, kisha ongeza sentimita 30 za kushikia. Ngozi ikiwa nene zaidi, ongeza uzi. Vaa sindano kila mwisho.

Pitisha sindano moja tundu la kwanza na ulinganishe pande mbili. Tundu la pili, sindano ya kushoto ianze, ivutwe hadi mwisho. Sasa sindano ya kulia iingie tundu hilo hilo, na hapa ndipo wengi wanapokosea: inapoingia, uvute nyuma kidogo uzi uliokwisha kupita. Uzi ule usiposogezwa, sindano huuchoma katikati bila wewe kugundua, na ukishachomwa hautelezi tena. Ukikaza, shono halikai. Kisha kaza nyuzi zote mbili kwa pamoja, kwa nguvu sawa, hadi shono lilale kwenye ngozi bila kuikunja.

Mpangilio usibadilike: sindano iliyoanza ndiyo ianze kila tundu, na uzi wa pili upite upande ule ule wa uzi wa kwanza, juu au chini. Ukiona upande wa mbele mashono yamelala vizuri na ghafla moja limesimama wima, pale ndipo ulipobadilisha mpangilio. Ukiona nyuma matundu yanatangatanga huku mbele yamenyooka, chuma au msharasi haukusimama wima. Ngozi ya kromu iliyo laini ikijikunja kama bahasha kando ya mshono, umekaza kupita kiasi.

Mwishoni rudi nyuma matundu 2 au 3, ukate. Uzi wa poliesta au nailoni huunguzwa kidogo ncha kwa kiberiti na kubonyezwa. Uzi wa kitani hukatwa karibu na ngozi na kuwekwa tone la gundi ndani ya tundu.

Dhana: Uzi mnene zaidi ndio imara zaidi

Uzi mnene hudai tundu kubwa, na matundu makubwa yaliyokaribiana huigeuza ngozi kuwa karatasi ya kuchanika. Uzi wa milimita 0.6 unafaa nafasi ya milimita 3, wa 0.8 nafasi ya milimita 4, na wa 1.0 kwa mkanda au ukanda wa mkoba wenye nafasi ya 5.

Dhana: Gundi nyingi, kisha bana mara moja

Gundi ya viatu hufanya kazi kinyume na hivyo. Hupakwa kwa wembamba pande zote mbili, ikaachwa mpaka kidole kikigusa kisinate, kwa kawaida dakika 5 hadi 15 kutegemea joto na gundi yenyewe. Ndipo pande hizo hukutanishwa na kugongwa taratibu. Zikikutana zikiwa bado mbichi, kimiminika hunaswa ndani na ukingo hufunguka baadaye. Zikishakutana hazisogezwi, kwa hiyo anza kulinganisha upande mmoja kisha ulaze polepole.

Upande wa juu wa ngozi, ule unaong'aa, haushiki gundi mpaka ukwaruzwe kwa msasa namba 80 au 100. Kwaruza ukanda wa milimita 4 tu, ili alama zisionekane nje. Gundi kazi yake ni kushikilia vipande visisogee unaposhona. Uzito wa matumizi hubebwa na uzi. Fungua madirisha, maana mvuke wake huumiza kichwa na ni hatari kwa afya ukivutwa kila siku.

Dhana: Mkanda hukatwa popote, kwa namba ya suruali

Ngozi ya mgongo imebana nyuzinyuzi zake. Ya tumbo imelegea na huvutika. Mkanda uliokatwa tumboni huongezeka urefu na matundu yake hugeuka mayai. Kata sambamba na uti wa mgongo, unene wa milimita 3.5 hadi 4.

Namba ya suruali haikupi urefu. Chukua mkanda ambao mtu anauvaa, pima kutoka mkunjo wa bizimu hadi tundu analolitumia. Tuseme ni sentimita 95. Hapo ndipo tundu la katikati litakuwa, na mengine mawili kila upande kwa nafasi ya sentimita 2.5. Ongeza sentimita 7 za kukunja kwenye bizimu na 15 kutoka tundu la katikati hadi ncha, unapata 117. Sehemu ya kukunja ipunguzwe unene hadi nusu kutoka upande wa nyama, la sivyo itavimba na kupasuka penye mkunjo.

Dhana: Kingo hung'aa kwa kupaka nta

Nta huja mwisho. Kwanza kona za juu na chini hukatwa, halafu msasa namba 220, 400 na 600. Lowesha kidogo kwa kidole, sugua kwa kasi kwa mbao laini au kipande cha turubai mpaka ukingo upate joto na kushikana. Ndipo nta, ukasugua tena. Maji yakizidi, ukingo hutanuka pembeni kama uyoga. Ngozi ya kromu haitakubali hata ukisugua mchana kutwa. Ikunje ukingo, au paka rangi ya kingo tabaka 2 au 3 ukipiga msasa kati ya tabaka na tabaka.

Dhana: Ngozi ikikauka, itie mafuta mengi na uianike juani

Mafuta mengi hulegeza nyuzinyuzi na kuifanya ngozi iwe tepetepe. Kijiko kimoja cha chai kinatosha mkanda mzima, kipakwe kwa kitambaa na kuachwa usiku mmoja. Mafuta ya kupikia huchacha, hunuka na huanza kunata. Jua kali kwa ngozi iliyolowa huondoa maji haraka mno, nyuzinyuzi zikagandana na kipande kikasinyaa. Ianike kivulini penye upepo, ikiwa imelazwa katika umbo unalolitaka.

Kwa walio Mombasa, Tanga au Unguja kuna shida nyingine, nayo ni ukungu. Ngozi ya magome iliyoloweshwa kwa nakshi isifungwe kwenye plastiki kwa siku kadhaa. Ifanyiwe kazi siku hiyo hiyo au kesho yake. Iliyo kavu ihifadhiwe ndani ya kitambaa cha pamba, juu ya rafu, mbali na ukuta wenye unyevu. Ukungu ukitokea, ufute nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, upangushe kwa kitambaa chenye siki kidogo iliyochanganywa na maji kwa usawa baada ya kujaribu kwenye kona isiyoonekana, kisha uiache ngozi ikauke kivulini kabla ya kugusa mafuta.