Prikasa za aluminiamu halidi ni kitu gani

Fundi yeyote wa leth, ile mashine ya kuzungusha na kuchonga chuma, hapa Mombasa anazijua zile tipu ndogo za kaboidi za kukatia chuma, zingine rangi ya dhahabu zingine nyeusi. Nyingi za hizo nyeusi zina ngozi ya aluminiamu oksaidi juu yake, maikroni chache tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndo inazifanya zistahimili moto shafti ikizunguka kwa kasi. Sasa hiyo ngozi haipakwi kwa brashi, inajengwa na gesi, njia yenyewe ndo CVD (kwa Kiingereza chemical vapour deposition): tipu zinapangwa ndani ya tanuri, gesi zinapitishwa, zikigusa uso wenye moto zinabadilika na kuacha kitu kigumu pale. Kemikali inayobeba malighafi mpaka ifike hapo ndo prikasa.

Shida ni kuibeba aluminiamu. Inayeyuka kwa nyuzi 660 sawa, lakini kuchemka mpaka kama 2,500, nani anataka tanuri hiyo? Kwa hivo wanaifunga na florini, klorini, bromini au iodini, na zikishikana hivo ndo halidi. Kwa kazi ya tipu ni kloridi, maanake ikifika nyuzi kama 180 inapaa moja kwa moja kuwa mvuke bila kupitia umajimaji, vile nafthalini ya kabatini inavoisha na nguo ziko kavu. Floridi ni kaidi, inataka zaidi ya 1,200.

Huko tanurini, kwenye nyuzi 1,000 hivi, kloridi inakutana na haidrojeni na kaboni dioksaidi. Hizi mbili kwanza zinatengeneza mvuke wa maji, polepole, halafu maji ndo yanaipa aluminiamu oksijeni, klorini inatoka kama gesi ya asidi. Na huo upole ndo ujanja wote, kwa sababu ukitia maji moja kwa moja kloridi inayavamia hapohapo hewani, unapata unga badala ya ngozi.

Ndo maana pia si kitu cha kuweka kwa stoo, hebu fikiria unafungua chupa yake na hewa yetu hii ya mwezi wa tano iliyojaa unyevu, ni moshi mweupe wa asidi tu, puani na machoni. Viwanda vingi haviihifadhi hata, wanapitisha haidrojeni kloridi juu ya vipande vya aluminiamu kwenye nyuzi 300 mpaka 400, kloridi inazaliwa humo humo kwenye bomba na kuingia tanurini ikiwa bado moto.