Mchungaji John Thomson wa Duddingston: yanayosemwa juu yake na ukweli wenyewe

Ukimwambia mtu kulikuwa na mchungaji mchora mandhari, moja kwa moja anamuona mzee mpole, Jumapili anahubiri, Jumatatu kajikalia kando ya ziwa na brashi yake anachora bata, na picha zenyewe anawagawia mashangazi. John Thomson wa Duddingston, Uskoti, ndiyo anabandikwa hiyo sura kila siku na haimfai hata kidogo.

Historia yake kwa ufupi ili tuende pamoja. Kazaliwa 1778 Dailly, kule Ayrshire, baba yake naye mchungaji. Akasoma Edinburgh, mwaka 1800 akachukua usharika wa baba yake hapohapo Dailly, halafu 1805 akahamishiwa Duddingston, kijiji kilichokuwa nje kidogo ya Edinburgh chini ya kile kilima cha Arthur's Seat (siku hizi jiji limeshakimeza), na hapo hakutoka tena mpaka anafariki 1840. Miaka 35 kwenye mimbari moja. Sasa twende kwenye maneno ya watu.

La kwanza na ndilo linaloniudhi zaidi, eti kuchora ilikuwa hobi tu. Jamani. Huyu mtu kwenye miaka yake mizuri inasemekana aliingiza mpaka paundi 1,800 kwa mwaka kwa brashi peke yake, na hizo ni paundi za mwanzo wa karne ya 19, sio za leo! Mabwana wakubwa walikuwa wanamuagiza picha, mwandishi maarufu wa Uskoti Walter Scott alipotoa kile kitabu chake cha magofu na mandhari ya Uskoti kati ya 1819 na 1826 Thomson alikuwa mmoja wa wachoraji wake, na mwenzake humo ndani ni nani? Turner. Turner huyuhuyu, yule mchora mandhari mkubwa wa Uingereza, na alipokuja Uskoti alifika mpaka kwa mchungaji pale Duddingston. Sasa hobi gani hiyo. Kilichowachanganya watu ni kwamba 1830 chuo cha wasanii cha Uskoti, ile Royal Scottish Academy, kilimpa uanachama wa heshima, sio uanachama wa kawaida, basi watu wakisoma "wa heshima" wanaelewa hakuwa msanii kamili. Sivyo, ni vile tu alikuwa na kazi nyingine inayojulikana, ya kanisa, kwa hiyo kwenye makaratasi hakuhesabiwa mtu wa fani. Kwa sokoni alihesabiwa vizuri sana.

Ila mwanzoni pesa zenyewe zilimpa shida, hili nalo lisemwe. Inasimuliwa kwamba mtu alipompa gini 15 (gini ni pesa ya zamani ya Uingereza, zaidi kidogo ya paundi) kwa picha mchungaji akasitasita, akaona nyingi mno, ikabidi mchoraji mwenzake Hugh William Williams amwambie picha ile inastahili mara tatu yake. Baada ya hapo naona aliizoea hali haraka tu.

Wengine wanasema alijifundisha mwenyewe kila kitu. Karibu kweli lakini hapana, alipokuwa anasomea uchungaji Edinburgh alipata masomo kwa Alexander Nasmyth, mchora mandhari mkubwa wa Uskoti wakati ule. Ni kama mwezi mmoja tu, lakini upo, na ukiangalia zile ngome zake juu ya majabali unaona kuna mtu alimshika mkono.

Halafu kuna hoja ya dini. Unakuta mtu anasema Wakalvini, yaani Waprotestanti wafuasi wa Calvin, walikataza picha, kwa hiyo mchungaji wa Kipresbiteri, kanisa la mkondo huohuo, kuchora ilikuwa kama uasi, lazima kanisa lilimsumbua. Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kilichopigwa vita ni sanamu na picha ndani ya ibada, yaani vitu vya kuinamia na kusujudia. Picha ya mto na mti ukutani kwako sebuleni haikuwa kesi ya mtu, na ushahidi ni Uholanzi ya karne ya 17, nchi ambayo kanisa lake kuu wakati ule lilikuwa la Kikalvini na bado ilitoa wachora mandhari kibao. Na pale Duddingston kwenyewe, mwaka 1806 mzee wa kanisa mmojawapo aliyewekwa alikuwa Walter Scott, rafiki yake. Sasa mchungaji mwenye mzee wa kanisa kama huyo unadhani ataulizwa kwa nini ana rangi kwenye vidole?

Kuhusu upole wa picha zake sitachelewa, ukiziona tu utajua. Majabali, mawimbi, mawingu meusi, magofu yanayoning'inia juu ya bahari. Fast Castle, lile gofu la pwani ya Berwickshire, alilichora tena na tena kama mtu ana deni nalo, na moja katika hizo Scott aliitundika nyumbani kwake Abbotsford. Ngome ya Tantallon pia. Mtu anayetafuta utulivu wa kichungaji humo atakosa, mimi binafsi naona hata mahubiri yake huenda hayakuwa na radi kama zile picha.

Mnara sasa. Kando ya ziwa la Duddingston kuna kijumba cha mawe chenye pembe nane, kinaitwa Mnara wa Thomson, na kila anayepita anaambiwa mchungaji alijengewa studio. Hapana. Kilijengwa miaka ya 1820, mchoro wa msanifu majengo William Henry Playfair, kwa ajili ya klabu ya kalingi ya Duddingston, ule mchezo wa kuteleza mawe mazito juu ya barafu ziwa likiganda, na chini ndiko mawe yalikowekwa. Thomson alipewa chumba cha juu akachoree humo, ziwa lote mbele ya dirisha. Kinachochekesha ni kwamba chumba hicho alikiita "Edinburgh", kwa hiyo akija mgeni msumbufu anaambiwa mchungaji kaenda Edinburgh, na wala si uongo.

Ziwa hilohilo ndilo linaleta mkanganyiko mwingine. Kuna picha maarufu ya mchungaji kavaa nguo nyeusi anateleza kwenye barafu, mguu mmoja juu, mikono kakunja kifuani, na watu wanaiweka mtandaoni wakisema ndiye Thomson, au kaichora Thomson. Vyote si kweli. Yule ni Robert Walker, mchungaji wa Canongate, mtaa wa Edinburgh, picha ni ya miaka ya 1790 na kwa kawaida inahesabiwa ya mchoraji Henry Raeburn ingawa wapo wataalamu waliobisha. Wakati huo Thomson ni kijana tu, Duddingston hajafika bado.

Na kwa nini picha zake nyingi ni nyeusinyeusi na zimepasuka? Jibu la haraka la watu ni uzee. Uzee kweli upo, lakini mbona kuna picha za kale kuliko zake na bado zinang'aa. Tatizo ni jikoni kwake. Jamaa alikuwa anachemsha unga na siki mpaka unakuwa mzito, anaupaka kwenye turubai, mwenyewe akiuita uji, halafu rangi za mafuta zinapita juu bila kusubiri ukauke vizuri. Matokeo ya papo kwa papo yalikuwa mazuri, uso wa picha unakuwa na mwili, jabali linaonekana jabali kweli. Na juu ya hapo akatumia lami, kama wachoraji wengi wa enzi zake, maana inatoa kahawia moja nzito tamu sana ya vivuli. Shida ya lami haikauki kabisa kabisa, inaendelea kutembea chini ya rangi, inajikunja, inazidi kuwa nyeusi, na rangi iliyokauka juu yake inachanika mistari mipana. Kwa hiyo ile giza unayoiona leo sio yote aliikusudia, anga zake nyingine zilikuwa na mwanga zaidi wakati zinatoka studio.

Kuhusu ule msemo wa Kiskoti kwamba sisi sote ni watoto wa Jock Tamson (ndiyo John Thomson kwa Kiskoti), yaani binadamu ni wamoja, wengi wanamhusisha na yeye, eti aliwaita waumini wake hivyo. Hakuna maandishi ya wakati wake yanayothibitisha, na jina lenyewe kule ni la mtu yeyote tu.

Mwisho angalieni mnapotafuta picha zake. Kuna John Thomson mwingine, mpigapicha, kazaliwa Edinburgh 1837 na akapiga sana picha za China, huyo ni mtu mwingine kabisa. Andika jina pamoja na Duddingston, vinginevyo utaletewa meli za Hong Kong.