Namba 450 ya Schaller, na hesabu ya gorila wetu

Wanafunzi wa ekolojia hapa Bukavu wakitaka kujua uzito wa mtafiti, hukimbilia Google Scholar kutazama makala zake zimetajwa mara ngapi. Sipingi, hata mimi huchungulia. Ila George Schaller, mtafiti wa wanyamapori, mimi nampima kwa namba moja: 450.

Alizaliwa Berlin mwaka 1933, akasoma Marekani, na mwaka 1959 akaja Virunga pamoja na mwalimu wake John Emlen. Kongo ilikuwa bado ya Wabelgiji, na mbuga ikiitwa Albert. Yeye na mkewe Kay walipiga kambi Kabara, kwenye uwanda ulio kati ya Mikeno na Karisimbi. Enzi zile gorila alisimuliwa kama jitu la kutisha. Schaller akawa anaketi mahali pa wazi, wamwone, wamzoee. Akawatambua mmoja mmoja kwa sura, hasa kwa umbo la pua, na kuandika wanakula nini na wanalala wapi. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1963. Mtafiti mwingine wa gorila, Dian Fossey, alianzia palepale Kabara Januari 1967, kabla vurugu za mwaka huo hazijamhamishia upande wa Rwanda. Baadaye Schaller akaenda kwa simba wa Serengeti, kisha panda wa China, lakini hayo tuwaachie wengine.

Turudi kwenye 450, makadirio yake ya gorila wa milima ya Virunga. Aliyapataje, ikiwa gorila wengi hukimbia kabla hujawaona? Kwa viota. Kila jioni gorila aliyekwisha kuacha kulala na mama yake hukunja majani na matawi, akajitengenezea malazi mapya. Asubuhi mtafiti huja kusoma kilichobaki. Kinyesi kinachopita sentimita 7 kwa upana ni cha dume lililokomaa, la mgongo wa fedha, na mara nyingi utaokota nywele nyeupe kwenye majani yaliyolaliwa. Kinyesi cha wastani pamoja na kidogo sana katika kiota kimoja: mama na mtoto. Ukifuata kundi lilelile siku kadhaa na hesabu ikarudi ileile, unaweza kuandika. (Mwenye jicho hasa ni mfuatiliaji anayetangulia mbele. Huko mbuga ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, wengi walikuwa Watwa, watu haohao waliotolewa msituni mbuga ilipoundwa, na majina yao huyakuti kwenye orodha ya waandishi wa makala.)

Njia hiyo ina kasoro. Huko Bwindi, Uganda, DNA ya kinyesi ilionyesha kwamba gorila wengine hutengeneza zaidi ya kiota kimoja kwa usiku. Sensa ya 2006 ikashuka kwa karibu asilimia 10, hadi 302. Hata hivyo, bila ile 450, gorila kama 250 waliohesabiwa Virunga mwaka 1981 wangeonekana ndiyo hali yao ya siku zote. Kwa kuwa kulikuwa na kipimo cha mwanzo, watu walijua kwamba karibu nusu wamepotea. Sensa ya 2015 na 2016 ilipata 604.

Kwa gorila wetu wa nyanda za mashariki, wale wa Kahuzi-Biega na misitu ya kuelekea Maniema, bahati hiyo hatukuwa nayo. Makadirio ya Emlen na Schaller kwa gorila wote wa mashariki yalikuwa kati ya 5,000 na 15,000, upana ambao humwachia mtu nafasi ya kusema lolote. Katikati ya miaka ya 1990 ikatajwa 16,900 kwa hawa wetu pekee. Mwaka 2016 ikawa 3,800, baada ya vita, silaha kuzagaa, na wachimbaji wa koltani na dhahabu kuishi kwa nyama ya msituni. Kisha 2021 ikapanda hadi 6,800, na wengine wakashangilia kana kwamba gorila wameongezeka. Hawakuzaana hivyo! Gorila jike huzaa mara moja kwa takriban miaka minne. Kilichobadilika ni kwamba timu ziliingia sehemu ambazo zamani hazikufikika.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasome pia makala za Lwiro, kituo cha utafiti kilicho kaskazini mwa Bukavu. Augustin Basabose wa kituo hicho na Juichi Yamagiwa wa Kyoto waliandika kwa miaka mingi gorila na sokwe wa Kahuzi wanakula nini na sokwe wanachagua wapi pa kutengeneza viota. Ni makala kavu, zimejaa majina ya miti. Lakini mtu akitaka kupita tena kwenye msitu uleule aone kama tini bado zinaliwa na kwa kiasi gani, atakuta pa kuanzia.