Maana na matumizi ya kitenzi cha Kiingereza "shall"

Mwanafunzi wa Kiingereza katika shule zetu hukutana na "shall" mapema, kwa kawaida katika somo la wakati ujao, na hufundishwa kwamba "I" na "we" huandamana na "shall" ilhali nafsi nyingine zote huandamana na "will". Huondoka darasani akiamini kwamba maneno hayo mawili ni mapacha, kwamba yote ni sawa na kiambishi chetu -ta-, na kwamba tofauti yake ni ya nafsi tu. Miaka kadhaa baadaye mtu huyohuyo huwekewa mbele mkataba wa ajira au wa kupanga nyumba, akaikuta "shall" karibu katika kila sentensi, tena ikiwa na nafsi ya tatu, mahali ambapo kanuni ya darasani ilisema haifai kuwapo. Akiisoma kama -ta- ataelewa kwamba mkataba unatabiri kuwa atalipa kodi kila mwezi, ilhali mkataba unamfunga alipe.

Msingi wa kitenzi hiki ni deni. Katika Kiingereza cha kale umbo lake lilikuwa "sceal", na maana yake ya awali ilikuwa kudaiwa. Ndugu yake wa Kijerumani, "sollen", humaanisha kupaswa hadi leo, na "Schuld", ambalo kwa Kijerumani ni deni na pia hatia, lina asili hiyohiyo. Umbo lake la wakati uliopita ni "should", ambalo kila mwanafunzi hulijua kwa maana ya kupaswa bila kuambiwa kwamba lilizaliwa na "shall". Kiswahili nacho kimepita njia inayofanana na hiyo katika kitenzi kuwiwa. Paulo, katika Waraka kwa Warumi wa Biblia ya Kiswahili, anasema "Nawiwa na Wagiriki na wasio Wagiriki", yaani nina deni kwao, na waumini wa leo wanaposema wamewiwa kufanya jambo huwa hawazungumzii fedha bali mzigo wa wajibu uliowakaa moyoni. Kudaiwa kukawa kupaswa. Katika Kiingereza neno lilisogea hatua moja zaidi, kwa kuwa jambo ambalo mtu anapaswa kulitenda ni jambo linalotarajiwa kutendeka, na hivyo wajibu ukaanza kusomeka kama wakati ujao.

"Will" ilifika kwenye wakati ujao kwa mlango mwingine, kwa kuwa asili yake ni kutaka. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana jambo la kumsaidia, maana kiambishi -ta- nacho kimetokana na kitenzi kutaka, na alama yake bado inaonekana katika umbo la urejeshi: tunasema "atakuja", lakini "atakayekuja". Kwa hiyo, tukizingatia ukoo wa maneno, -ta- ni jamaa ya "will". Kuifanya -ta- kuwa tafsiri ya kwanza ya "shall", kama ifanywavyo darasani, ni kuanza na maana iliyofika mwisho na kuiacha ile iliyotangulia.

Kanuni ya shuleni ina historia inayojulikana. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiingereza alichokiandika kwa Kilatini, na humo akaeleza kwamba katika nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu na "will" huahidi au kutisha, na katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka. Walimu wa karne zilizofuata waliishika kanuni hiyo kwa nguvu, hata wakawa na kichekesho cha mtu anayezama mtoni akipiga kelele "I will drown, nobody shall save me", na watu walio ukingoni wakamwacha afe kwa kuwa sarufi yake ilionyesha ameamua kufa na amekataza asiokolewe. Kichekesho ni kizuri, ila wenye Kiingereza wenyewe hawakuwahi kuzungumza kwa utii huo. Winston Churchill alipoliambia Bunge la Uingereza tarehe 4 Juni 1940 "we shall fight on the beaches", na Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani aliposema mwaka 1942, baada ya kuondoka Ufilipino, "I shall return", kwa kanuni ya Wallis wote wawili walikuwa wanatabiri tu. Hakuna aliyewasikia hivyo. Walisikika wakiapa, kwa sababu ule uzito wa deni haukuwahi kutoka katika neno.

Katika mazungumzo ya kila siku "shall" imepungua sana, hasa Marekani, na mahali inapodumu ni katika swali la nafsi ya kwanza. Mtu anayeuliza "Shall I open the window?" haulizi kama siku moja atafungua dirisha, anauliza kama anayeongea naye anataka lifunguliwe. Kiswahili chake ni "Nifungue dirisha?", na "Shall we go?" ni "Twende?". Kitenzi kinachoishia na -e ndicho kinachoibeba maana hii bila kuipunguza, na si katika maswali peke yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilipoandika amri "Thou shalt not kill", watafsiri wa Kiswahili waliandika "Usiue", wala hawakuandika "Hutaua", ambayo ingesikika kama utabiri au hakikisho. Ningekuwa mwalimu, ningeanza na "Nifungue?" na "Usiue" kabla sijagusa wakati ujao.

Makao makuu ya kitenzi hiki leo ni sheria na mikataba. Sentensi "The tenant shall pay the rent in advance" inamwekea mpangaji wajibu wa kulipa kodi kabla, na asipolipa amevunja mkataba. Ingeandikwa "may pay", angekuwa na ruhusa ya kulipa kabla, lakini asingelazimika. Tanzania haikuliacha jambo hili kwa hisia za msomaji: kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, ambayo ni Sura ya 1 ya sheria za nchi, kinasema kwamba "may" inapotumika kutoa mamlaka, mwenye mamlaka anaweza kuyatumia au kutoyatumia kwa hiari yake, na "shall" inapotumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Katika kukanusha, "shall not" ni katazo, na "no person shall" ni katazo linalomhusu kila mtu.

Hata hivyo, si kila "shall" inaweka wajibu, na msomaji wa mikataba hana budi kutazama kiima cha sentensi kabla ya kuamua. Kiima kikiwa ni mtu, kampuni au ofisi inayoweza kutenda, ipo nafasi kubwa kwamba anadaiwa kitendo. Kiima kikiwa ni kitu kisichoweza kudaiwa, kama katika "This agreement shall commence on 1 July", hapo hakuna aliyeagizwa kitu. Mkataba unatangaza tu tarehe ya kuanza. Vivyo hivyo katika tafsiri za maneno mwanzoni mwa sheria, ambako neno fulani "shall mean" kitu fulani.

Mtego mkubwa zaidi umo katika maneno "shall be liable to". Mtu asiyezoea lugha ya sheria husoma "shall be liable to imprisonment for five years" akadhani mahakama imelazimishwa kutoa miaka mitano kamili. Mwaka 1967, katika rufani iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza kwamba maneno ya namna hiyo huweka kikomo cha juu cha adhabu, na hakimu ana hiari ya kushuka chini yake. "Shall" ipo palepale, lakini anachofungwa nacho mkosaji ni kuwa katika hatari ya adhabu, na kipimo chake ni kazi ya mahakama.

Linganisha na kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kilichosema kwamba mtu aliyetiwa hatiani kwa mauaji "shall be sentenced to death". Hapa "liable" haimo, na kwa miaka mingi majaji walisoma kwamba mikono yao imefungwa: hatia ikithibitika, kifo, bila kujali mazingira ya kosa wala maombi ya mshtakiwa ya kupunguziwa adhabu. Mahakama ya Juu ya Kenya ilivunja ulazima huo tarehe 14 Desemba 2017 kwa kuwa ulipingana na Katiba. Mahakama ya Juu ya Uganda ilikuwa imefika huko mwaka 2009, na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake ni Arusha, ikaamua kwamba ulazima wa aina hiyo katika sheria ya Tanzania unakiuka haki ya kuishi. Kesi hizo zilihusu uhai wa watu na wala hazikuwa za sarufi, lakini kilichokuwa kikimnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa ni kitenzi hiki na kukosekana kwa neno moja baada yake.

Ugumu mwingine ni pale wajibu unapokuwa wazi na adhabu ya kutoutimiza haiko wazi. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewahi kusema kwamba "shall" katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai isisomwe kwa ukali wa kifungu cha 53 peke yake, kwa kuwa sheria hiyohiyo inaelekeza kwamba kasoro ya utaratibu isibatilishe kesi isipokuwa imesababisha haki kukosekana. Kenya ina mfano wa wazi zaidi. Katiba yake ya mwaka 2010 inasema kwamba si zaidi ya theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa "shall be of the same gender". Desemba 2012 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilishauri kwamba sharti hilo litekelezwe hatua kwa hatua, na Bunge litunge sheria yake kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Tarehe ilipita. Kwa Bunge linaloendelea kukaidi amri ya mahakama ya kutunga sheria, ibara ya 261 imeandika kwamba Jaji Mkuu "shall advise" Rais alivunje Bunge, na Rais "shall dissolve" Bunge hilo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo kwa Rais Uhuru Kenyatta, Mahakama Kuu ikausimamisha, na Bunge halikuvunjwa. "Shall" tatu zilikuwa zimeandikwa, na ni ile ya Jaji Mkuu peke yake iliyotimizwa.

Nje ya mahakama, neno hili lina nidhamu kubwa zaidi katika viwango vya bidhaa. Shirika la Kimataifa la Viwango limeagiza waandishi wake watumie "shall" kwa sharti, "should" kwa pendekezo na "may" kwa ruhusa, na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki hufuata mtindo huohuo. Kiwango cha nafaka ya mahindi, kwa mfano, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na mfanyabiashara ambaye mzigo wake umezidi hapo hawezi kujitetea kwamba alidhani ni ushauri.

Wapo wanaoona kwamba neno lenye maana nyingi hivi halifai kuachwa katika sheria. Katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 ilijaa "shall". Ile ya mwaka 1996 ikaweka "must" mahali pa wajibu. Marekani iliondoa "shall" katika kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho zilipoandikwa upya mwaka 2007, na waandishi wa miswada wa Uingereza nao wanashauriwa kuikwepa. Mimi naona wana hoja, ingawa kwa mtu anayejifunza hilo halipunguzi kazi, kwa kuwa sheria za zamani na mikataba mingi ya kanda yetu bado imeandikwa kwa mtindo wa kale.

Kwetu swali limekuwa la kila siku tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Katiba ya nchi, iliyoandikwa kwa Kiswahili, hutumia -ta- katika matamko: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na "Rais atakuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu". Katika sentensi hizo -ta- inatosha, kwa kuwa zinaanzisha cheo na kukieleza. Lakini "mwajiri atatoa nakala ya mkataba kwa mwajiriwa" inamwachia mwajiri mlango wa kusema kwamba ndiyo, atatoa, siku itakapofaa. Mfasiri anayeikuta "shall" ya wajibu anazo njia nyingi: "mwajiri atatakiwa kutoa", "ni lazima mwajiri atoe", "sharti mwajiri atoe", au "mwajiri atoe" basi, na akishachagua mojawapo aitumie hiyo hiyo hadi ukurasa wa mwisho, kwa sababu wakili akikuta "atatakiwa" katika kifungu cha tano na "sharti" katika cha sita atajenga hoja kwamba kuna tofauti iliyokusudiwa kati yao.